Kupima Mwanga wa Filamu Kwenye Jua Kali na Kivuli Kizito: Mwongozo Kamili kwa Wapigapicha wa Nairobi

Lalamiko linalonifikia mara nyingi zaidi kutoka kwa wapigapicha wanaorudi kwenye filamu ni hili: mtu amepiga harusi, soko au mtaa saa saba mchana, kipima mwanga cha kamera kikamwambia kila kitu kiko sawa, kisha picha zikarudi na anga nzuri, kuta nzuri, na nyuso nyeusi tii zisizo na macho. Lawama huangukia filamu, au humwangukia fundi aliyeisafisha. Mara nyingi hakuna kati yao mwenye kosa. Kipima mwanga kilitazama mandhari yote kikatoa wastani, na wastani wa jua na kivuli haumfai mtu aliyesimama kivulini.

Tatizo hili ni kubwa zaidi Nairobi kuliko vitabu vingi vya upigaji picha vinavyodhani, kwa kuwa jiji liko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta na mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mwezi Machi na Septemba jua la mchana husimama karibu utosini kabisa, hivyo kipaji cha uso hupata mwanga wote na macho hubaki shimoni. Mwongozo huu unahusu saa hizo, yaani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri siku za jua. Wakati wa mawingu mazito ya Julai hauhitaji sehemu kubwa ya haya.

## Vifaa vya kuandaa

- Kamera inayokuruhusu kuweka kasi ya shata na tundu la lenzi kwa mkono. Pentax K1000 au Nikon FM2 inatosha kabisa.
- Betri mpya. Baadhi ya kamera kongwe zilibuniwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, nazo hupima vibaya zikiwekewa betri za kisasa za volti 1.5. Kama yako ni ya aina hiyo, usiamini kipimo chake mpaka ukilinganishe na kingine.
- Kipima mwanga cha mkono, au programu ya simu ya kupimia mwanga. Kabla ya kuitegemea simu, pima nayo ukuta mmoja wenye mwanga sawa, kisha upime ukuta huohuo kwa kamera, na uandike tofauti.
- Kadi ya kijivu ya asilimia 18, yaani inayoakisi asilimia hiyo ya mwanga.
- Mikanda miwili ya filamu ya aina moja: mmoja wa majaribio, mwingine wa kazi.
- Kitambaa cheupe cha mita mbili hivi. Shuka la kitanda linafaa, mradi liwe jeupe kweli, maana shuka la waridi litampaka mtu waridi usoni.
- Daftari na kalamu. Filamu haikumbuki ulipiga kwa tundu gani.

## Hatua ya 1: Chagua filamu inayosamehe

Filamu ya negativu, yaani ile inayogeuza mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga, iwe ya rangi au ya nyeusi na nyeupe, husamehe mwanga uliozidi lakini haisamehe mwanga uliopungua. Sababu ni kwamba kivuli kisichofikia kiwango cha chini cha mwanga hakiachi alama yoyote kwenye filamu, na hakuna dawa wala kompyuta itakayotoa kitu ambacho hakikuingia. Mwanga uliozidi, kwa upande mwingine, huacha negativu nzito tu, na negativu nzito bado ina habari ndani yake. Slaidi, yaani filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, ni kinyume chake: ikizidiwa mwanga huungua ikabaki plastiki tupu.

Kwa rangi, Kodak Portra 400 ndiyo ninayoipendekeza kwa nyuso za watu, kwa sababu inaweza kuzidishiwa stopu mbili au hata tatu (kila stopu ni mwanga maradufu) bila ngozi kuharibika. Kodak Gold 200 ni nafuu zaidi na hufanya kazi nzuri ukiipa mwanga wa kutosha. Ektar 100 ina rangi kali zinazopendeza kwenye matatu zilizopambwa na kuta za maduka, lakini vivuli vyake vikinyimwa mwanga huelekea ubuluu, kwa hiyo siipeleki harusini.

Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X 400 ni imara. Ilford XP2 Super inastahili kutajwa peke yake: ni filamu ya nyeusi na nyeupe, lakini husafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, hivyo studio yoyote inayosafisha rangi inaweza kuishughulikia, na punje zake hulainika kadiri unavyoipa mwanga zaidi. Kama una pesa za aina moja tu, nunua HP5, kwa sababu unaweza kubadilisha muda wa kuisafisha na hivyo kutawala ukali wa mwanga baada ya kupiga, jambo ambalo filamu ya rangi haikuruhusu kwa urahisi.

Slaidi kama Ektachrome E100 au Velvia 50 hubeba takriban stopu tano tu kati ya kivuli na mwangaza vyenye maelezo. Zihifadhi kwa asubuhi na jioni.

Fikiria pia shata yako. Pentax K1000 inaishia 1/1000 ya sekunde, na filamu ya ISO 400 (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua la mchana itakulazimisha kupiga kwa f/11 au f/16, yaani kwa tundu dogo, siku nzima. Ukitaka kufungua lenzi ili mandhari ya nyuma ififie, chukua filamu ya polepole kama Ilford FP4 Plus, yenye ISO 125.

Tahadhari. Filamu nyingi hapa huletwa na wasafiri, na mashine za eksirei za viwanja vya ndege, hasa zile za mizigo mikubwa na zile mpya za aina ya CT, huweza kuitia ukungu. Mwombe anayekuletea aibebe mkononi na kuomba ikaguliwe kwa macho. Baadhi ya hoteli na majengo makubwa ya Nairobi pia yana mashine za mizigo mlangoni, kwa hiyo ombi hilohilo lina maana hata mjini. Na usiiache filamu juu ya dashibodi ya gari.

## Hatua ya 2: Weka ISO chini ya ile iliyoandikwa

Kama filamu ya negativu imeandikwa 400, weka 200 kwenye kamera. Kwa kufanya hivyo unaongeza stopu moja ya mwanga kwa kila picha, na stopu hiyo yote ni akiba ya vivuli. Kamera inayosoma ISO yenyewe kutoka kwenye mkebe wa filamu, na isiyokuruhusu kuibadilisha, iwekee nyongeza ya +1 kwa kitufe cha marekebisho ya mwanga.

Usimwambie fundi kwamba ulipiga kwa 200. Akisikia hivyo anaweza kupunguza muda wa kusafisha, ilhali filamu ya rangi uliyoiongezea stopu moja tu husafishwa kwa muda wake wa kawaida. Na kwa slaidi, acha ISO ilivyo.

## Hatua ya 3: Tafuta kivuli chenye kazi

Jicho la mwanadamu hudanganya. Ukitazama ndani ya kibanda linajifungua, ukitazama barabarani linajifunga, na wewe unadhani unaona vyote viwili kwa pamoja. Filamu haina uwezo huo. Ili uone kama filamu, finya macho mpaka kope zikaribie kugusana: vivuli vitakavyogeuka weusi mtupu ndivyo vilivyo hatarini.

Sasa jiulize ni kipi kati ya hivyo kina kazi kwenye picha. Uvungu wa gari, mdomo wa mtaro, sehemu ya chini ya meza, vyote hivyo vinaweza kuwa vyeusi bila mtu kulalamika. Macho ya mtu, mshono wa koti, mikono inayosuka nywele, hivyo haviwezi. Chagua kivuli kimoja tu ambacho ni lazima kionekane, kwa sababu hatua inayofuata yote inakitegemea.

## Hatua ya 4: Pima kivuli, kisha punguza stopu mbili

Hapa ndipo wengi huangukia, hivyo nitakwenda polepole.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kila kitu unachokielekezea hukidhania ni kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye gauni la bibi harusi kitajaribu kuligeuza kijivu, na picha itanyimwa mwanga. Ukikielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi nayo kitajaribu kuigeuza kijivu, na picha itapewa mwanga kupita kiasi.

Wapigapicha hupanga mwanga kwa zoni 11, kuanzia 0 ambayo ni weusi mtupu hadi X ambayo ni weupe mtupu, na kutoka zoni moja hadi nyingine ni stopu moja. Kijivu cha kati ni zoni ya V. Kivuli cheusi ambacho bado kinaonyesha mishono ya nguo ni zoni ya III, na kitambaa cheupe ambacho bado kinaonyesha mikunjo kinaweza kufika zoni ya VIII. Kwa kuwa kipima mwanga kitakipeleka kivuli chako zoni ya V, nawe unakitaka zoni ya III, unapunguza stopu mbili kutoka kwenye kipimo hicho. Hesabu ni hiyo tu.

Chukua mfano wa kibanda cha mitumba Gikomba, adhuhuri. Mama muuzaji amekaa chini ya turubai, nyuma yake limening'inia koti jeusi, na mbele, juani, ametandaza shuka jeupe la kuuzwa. Umemwomba ruhusa, amekubali, na filamu ni HP5 iliyowekwa ISO 200.

Sogea mpaka koti lijaze kioo cha kutazamia cha kamera na upime: 1/60 kwa f/8. Pima uso wake hapohapo kivulini: 1/125 kwa f/8. Pima shuka lililo juani: 1/1000 kwa f/16. Kati ya koti na shuka kuna stopu sita.

Punguza stopu mbili kutoka kwenye kipimo cha koti, upate 1/250 kwa f/8. Hicho ndicho kipimo cha kupigia. Koti limekaa zoni ya III. Uso umeangukia zoni ya IV, ambapo ngozi nyeusi iliyo kivulini hukaa kwa uzuri na bila kupaushwa. Shuka limepanda hadi zoni ya IX, yaani limezidi kwa zoni moja, na tutalishughulikia kwenye kusafisha.

Linganisha na mtu aliyesimama mbali, akaelekeza kamera kwenye mandhari yote, akaambiwa 1/500 kwa f/11. Amepungukiwa stopu mbili kamili. Koti limezama zoni ya I, uso umezama zoni ya II. Huyo ndiye anayeniandikia kwamba HP5 ni filamu mbovu.

Kama ungekuwa na Portra 400 kwenye kibanda hichohicho, piga kwa 1/250 na f/8 vilevile, na uisafishe kawaida, maana inalimudu shuka hilo. Kama ungekuwa na slaidi, ungelazimika kupima kwa ajili ya shuka, na uso wa mama huyo ungepotea; hapo rudisha kamera mfukoni au mwombe asogee mbele.

Ukishindwa kumkaribia mtu. Pima kitu kingine kilicho kwenye mwanga wa aina ileile. Mtu aliye kivulini upande wa pili wa barabara ana mwanga sawa na kivuli cha upande wako, alimradi vyote viwili viko wazi kwa anga kwa kiasi kilekile. Weka kadi ya kijivu kivulini mwako, au kiganja chako. Viganja vya watu wengi hung'aa kwa takriban stopu moja zaidi ya kadi. Pima chako mara moja nyumbani, andika tofauti, na utakuwa umepata kadi usiyoweza kuisahau kwenye matatu.

Tahadhari. Unapokaribia kupima, usitie kivuli chako mwenyewe juu ya unachokipima. Pia hakikisha hakuna ukanda wa anga kwenye kioo, maana kipande kidogo tu cha anga kinatosha kuvuruga kipimo.

### Ukitumia kipima mwanga cha kuba jeupe

Kipima hiki husoma mwanga unaomwangukia mtu, si unaoakisiwa, kwa hiyo hakidanganywi na gauni wala suti. Kiweke kivulini alipo mtu, kuba likielekea kamera, na upige kwa kipimo hicho bila kupunguza kitu. Lakini hapa rudisha ISO iliyoandikwa kwenye mkebe. Kupima kivulini tayari kumekupa akiba ya stopu kadhaa kwa vitu vilivyo juani. Ukiongeza na ile ya hatua ya 2, utakuwa umerundika akiba juu ya akiba, na sehemu za juani zitakuwa nzito kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Punguza ukali wa mwanga penyewe

Kabla ya kupiga, uliza kama mandhari yenyewe haiwezi kulainishwa. Kumsogeza mtu hatua mbili kutoka juani hadi kwenye ukingo wa kivuli, akitazama nje kwenye mwanga, huokoa picha nyingi kuliko hesabu yoyote. Barabara ya lami haisaidii, lakini sakafu ya saruji nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa hurudisha mwanga machoni. Pasipokuwa na ukuta, mwombe mtu ashike shuka lako usawa wa kiuno, akiliinamisha kuelekea usoni.

Flashi nayo husaidia, ila ina mtego. Pentax K1000 hukubaliana na flashi kwa 1/60 au polepole zaidi. Kwenye jua kamili, filamu ya ISO 100 kwa 1/60 inahitaji karibu f/22, na filamu ya ISO 400 ingehitaji tundu ambalo lenzi nyingi hazina. Atakayetaka flashi ya mchana na atumie filamu ya polepole, au kamera kama Nikon FM2 ambayo shata yake hukubaliana na flashi kwa kasi ya 1/200 au 1/250 kulingana na toleo.

Neno moja kuhusu filta ya njano, ambayo wapenzi wa nyeusi na nyeupe huifunga kwenye lenzi kama hirizi. Inapendezesha mawingu, ni kweli. Lakini kivuli cha mchana huangazwa na anga la buluu, na filta ya njano huzuia buluu, hivyo inavifanya vivuli vizidi kuwa vyeusi. Kwenye kibanda cha Gikomba, ivue.

## Hatua ya 6: Safisha kulingana na mwanga

Hatua hii ni kwa wanaosafisha nyeusi na nyeupe nyumbani. Mwanga uliopewa filamu ndio unaoamua vivuli. Muda wa kusafisha ndio unaoamua weupe. Shuka letu lilizidi kwa zoni moja, kwa hiyo tunapunguza muda kwa takriban asilimia 20. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, kwa nyuzi 20 za selsiasi, husafishwa kwa dakika 13. Sasa iache kwa dakika 10 na nusu hivi. Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza za kila dakika, si zaidi, kwa sababu kutikisa sana huongeza weupe uleule unaojaribu kuupunguza.

Sipendekezi kutumia dawa isiyochanganywa na maji kwa kazi hii. Muda wake wa dakika 7 na nusu ukipunguzwa unashuka hadi dakika 6, ambapo kuchelewa kidogo kumimina dawa kunaacha athari kubwa zaidi.

Mkanda mzima unapata muda mmoja, kwa hiyo usichanganye Gikomba ya adhuhuri na asubuhi yenye mawingu ya Msitu wa Karura. Hiyo ya Karura itatoka imepauka kama uji bila sukari.

## Hatua ya 7: Soma negativu kabla ya kumlaumu mtu

Usihukumu kwa picha zilizoskaniwa, kwa sababu mashine ya kuskani hujiamulia yenyewe. Dai negativu zako na uzitazame dhidi ya dirisha.

Kazi iliyofaulu inaonekana hivi: mahali pa koti jeusi negativu ni nyepesi, lakini si tupu, na unaona mishono. Mahali pa shuka ni pazito, lakini ukiilaza negativu juu ya ukurasa wa Taifa Leo penye mwanga mzuri, herufi bado zinasomeka kupitia sehemu hiyo.

Ikiwa kivuli kimekuwa plastiki tupu, tazama namba na maandishi yaliyo pembezoni mwa filamu. Hayo yaliangazwa kiwandani, wewe hukuyagusa. Namba zikiwa nyeusi na kali huku picha zako ni nyepesi, usafishaji ulikuwa sawa na kosa ni la kupima. Kwenye mkanda ujao shuka hadi ISO 100, au angalia upya kama ulichopima kilikuwa kivuli kweli. Namba zenyewe zikiwa hafifu, dawa ilikuwa imechoka, au ya baridi, au muda ulikuwa mfupi, na hapo una haki ya kurudi kwa fundi ukiwa na ushahidi mkononi. Harusi yangu ya kwanza ya filamu niligombana na fundi kwa nusu saa nzima, kisha nikafika nyumbani nikakuta namba zake ni nyeusi kama wino. Nilirudi kesho yake kumwomba radhi.

Mkanda wa majaribio utumie kwa kupiga mandhari moja mara tatu, kwa ISO 400, 200 na 100, ukiandika kila moja daftarini. Kwenye negativu hizo chagua ile yenye mwanga kidogo zaidi ambayo bado inaonyesha mishono ya kivuli. ISO yake ndiyo utakayoiweka kwa filamu hiyo, kwa kamera hiyo na kwa fundi huyo, mpaka utakapobadilisha kimoja kati ya vitatu hivyo.